Glukosi, fruktosi na makubadhi: mazungumzo ya barazani, Langoni, Lamu

Asalaam aleikum jamani, karibuni. Wale mliosimama njiani wapisheni punda wapite na mizigo yao, njooni mkae hapa barazani pana nafasi. Mezani nina sahani ya tende, sukari nyeupe ya dukani, ndimu, vichupa vinne, sufuria ya maji yachemka kwenye jiko la makaa, na hii chupa yenye maji ya buluu, watoto msiiguse tafadhali, ndani mna mrututu.

Nianze na neno nalisikia kila siku hapa mjini. Mtu aambiwa apunguze sukari, asema sawa, basi ntakunywa chai kwa asali, asali si sukari. Mama zangu, asali ni sukari hasa, katika kila gramu 100 karibu 38 ni fruktosi na karibu 31 ni glukosi, na inayobaki nyingi yake ni maji. Mtu mwenye kisukari akidanganyika hapo anaumia, na mimi jambo hili laniuma sana ndio maana nikaona tukae tuelezane sukari yenyewe ni kitu gani.

Sasa skizeni hesabu. Glukosi ina kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Fruktosi? Kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Galaktosi, ile iliyo nusu ya sukari ya maziwa, pia hivo hivo, hapazidi hapapungui. Ukizipima mizani haizitenganishi kabisa, lakini ulimi wajua na ini lajua. Vitu vya namna hii, hesabu moja mpangilio mbali mbali, ndio huitwa isoma.

Chukua kamba ina mafundo sita, kila fundo ni kaboni. Karibu kila fundo lina kijitawi cha oksijeni na haidrojeni, isipokuwa fundo moja ambalo oksijeni yake imeshikwa kwa mikono miwili. Fundo hilo likiwa mwisho wa kamba, sukari hiyo ni aldosi, kama glukosi. Likiwa la pili kutoka mwisho ni ketosi, kama fruktosi. Alafu kuna kuhesabu mafundo: matatu triosi, manne tetrosi, matano pentosi kama ile ribosi ya kwenye RNA, kemikali ya ndani ya seli inayobeba maagizo ya mwili, sita heksosi. Unganisha majina, glukosi ni aldoheksosi, fruktosi ni ketoheksosi, hapo hapana ugumu.

Uhondo wa maneno haya uko kwenye vijitawi. Hebu tazameni makubadhi yangu haya. Fundi mmoja, ngozi moja, nyuzi zile zile, hata kitako chake kimoja. Lakini jaribu kuvaa la kulia mguu wa kushoto, halikubali, ni kama moja limejitazama kwenye kioo likatoka la pili. Basi ndani ya glukosi kuna mafundo manne, la 2, la 3, la 4 na la 5, na kila moja kijitawi chake chaweza kukaa kulia au kushoto. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, kumi na sita. Kwa hivo ziko aldoheksosi 16, jozi nane za makubadhi, na glukosi inayotembea kwenye damu yako ni moja tu kati yao, ile iitwayo D. Mwenzake wa kioo, L-glukosi, ukimtia mdomoni ni mtamu, ila mwili hauwezi kumtumia kupata nguvu, vimeng'enya vyetu, vile vya mwilini vinavyokatakata chakula, ni miguu ya upande mmoja. Na galaktosi je? Imepishana na glukosi kwa kijitawi cha fundo la 4 peke yake! Manosi, heksosi nyingine, kwa fundo la 2. Hizo zinazopishana fundo moja tu twaita epima.

Aliyezipambanua ni Mjerumani, Emil Fischer, mwaka 1891, bila mashine ya kuona molekuli hata moja, alichemsha akachanganya akafikiri, akapata Nobel mwaka 1902. Ila ipi ni ya kulia hasa na ipi ya kushoto hakuwa na njia ya kujua, ikabidi achague. Mwaka 1951 wenzake wa Uholanzi wakatumia eksirei wakaona alichagua sawa. Mimi kila nikisomesha hapa nasimama kidogo, wallahi.

Lakini kamba haikai imenyooka. Ndani ya maji fundo la 1 lapinda kwenda kushikana na oksijeni ya fundo la 5, inakuwa kitanzi. Likijifunga, kijitawi kipya kikiangalia chini ni alfa, kikiangalia juu ni beta, na kwenye glasi ya maji zafunguka na kufunga tena mpaka zikatulia kama alfa 36 na beta 64 katika kila mia. Sasa mtasema juu au chini yatuhusu nini. Mtazameni yule punda pale anatafuna majani. Wali wetu ni glukosi zilizoshikana kwa alfa, unyasi wake ni glukosi zilizoshikana kwa beta. Glukosi ni ile ile! Sisi vimeng'enya vyetu vyakata alfa ya wali, beta ya unyasi haviwezi, yeye anasaidiwa na vijidudu vilivyo ndani ya utumbo wake mpana, ndio maana anashiba pale ambapo mimi na wewe tungelala njaa.

Haya, vichupa vyote vinne nimevitia yale maji ya buluu na vimeshachemka, sogeeni. Cha kwanza ni maji ya tende, mwaona buluu imekuwa kijani, ikaja manjano, sasa nyekundu ya tofali, manake tende mbivu ina glukosi na fruktosi zilizo huru, vichwa vyao, yaani yale mafundo yenye oksijeni ya mikono miwili, vyafunguka vikaibadilisha shaba ya mrututu. Cha pili ni sukari ya dukani, buluu tupu, kwa sababu ile ni glukosi na fruktosi zimeshikana kichwa kwa kichwa, hapana kichwa cha kufunguka. Cha tatu ni sukari na ndimu ila haikuchemshwa kabla, kijani kidogo tu, sukari ya ndimu yenyewe. Cha nne ni sukari na ndimu niliyoichemsha nusu saa nyumbani kama shira ya kaimati, nikatia magadi kuua ukali. Mama, wewe mpishi, njoo ukitazame wewe. Rangi gani?

Nyekundu. Ndimu imezikata. Na ndio maana shira yako haigandi chenga.