Faru Wawili Walioondoka Marekani Mwaka 2015

Mabibi na mabwana, mwaka 2015, katika muda usiofika hata mwezi mmoja, bustani za wanyama za Marekani zilipoteza aina mbili za faru. Tarehe 30 Oktoba, Harapan, dume aliyekuwa faru wa Sumatra wa mwisho katika bara lile, alitolewa Cincinnati, jimbo la Ohio, akaanza safari ya kwenda Indonesia. Tarehe 22 Novemba, huko San Diego, Nola, jike wa faru weupe wa kaskazini, alizidiwa na ugonjwa, na madaktari wakaamua kumpumzisha. Kwa mtu anayehesabu wanyama tu, mambo haya mawili ni mamoja: mazizi yamebaki matupu. Mimi nayaona yako mbalimbali kabisa.

Nola nitamtaja kwa ufupi. Aliletwa San Diego mwaka 1989, akawekwa na dume ambaye jina lake, Angalifu, halihitaji mfasiri katika ukumbi huu. Hawakupata ndama. Angalifu alikufa Desemba 2014, Nola akafuata, na leo wamebaki duniani majike wawili tu, Najin na Fatu, mnaowajua wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya.

Kwa faru wa Sumatra nitakaa zaidi. Huyu ni mdogo kuliko faru wote, ana pembe mbili na mwili wenye manyoya. Kuanzia mwaka 1984 walinaswa takriban 40 huko Indonesia na Malaysia ili wazalishwe chini ya uangalizi wa binadamu, na saba kati yao wakapelekwa Marekani. Walipofika walilishwa nyasi kavu, kana kwamba ni wale wa mbuga za Afrika, ilhali mnyama huyu ni wa msituni na chakula chake ni majani ya miti. Wakawa wanakufa mmoja baada ya mwingine, hata kufikia katikati ya miaka ya 1990 wakasalia watatu. Ipuh, dume wa Cincinnati, naye alikuwa amegoma kula na watunzaji wake wamekwisha kukata tamaa, ndipo yakaletwa kutoka California matawi mabichi ya miti ya jamii ya mkuyu. Aliyanusa, akainuka, akala. Tangu hapo majani yale yakawa yanasafirishwa kwa ndege hadi Ohio, gharama ambayo mhasibu yeyote angeikunjia uso.

Kumlisha ilikuwa nusu ya kazi. Dk. Terri Roth, aliyejiunga na bustani ya Cincinnati mwaka 1996, alianza kumpima jike Emi kwa ultrasaundi mara kwa mara, Emi akiwa amesimama wima bila kulazwa kwa dawa, na ikabainika kwamba yai la jike wa aina hii hutoka tu baada ya kupandwa. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini majaribio ya awali yalishindikana: dume akikutanishwa na jike siku isiyo yake, wanachofanya ni kukimbizana na kuumizana. Emi akashika mimba, ikaharibika; zikaharibika tano. Ya sita alilishwa kila siku projesteroni, homoni inayosaidia mimba isiharibike, na baada ya takriban miezi 16, tarehe 13 Septemba 2001, akazaa dume, Andalas. Faru wa Sumatra hakuwa amezaliwa na kukua mikononi mwa binadamu tangu Calcutta mwaka 1889. Suci, jike, akafuata mwaka 2004, na Harapan mwaka 2007. Jina Harapan maana yake ni matumaini. Mzigo mzito huo kumtwika ndama.

Emi alikufa mwaka 2009, na Ipuh mwaka 2013. Bustani ikafikia kutangaza mpango wa kumpandisha Harapan kwa dada yake, jambo ambalo hakuna mfugaji wa kwetu angelipenda, lakini Suci akafa mwaka 2014 kabla halijatimia. Wako waliotaka Harapan abaki Marekani kama akiba. Akiba gani ya dume asiye na jike? Angekuwa pambo la wageni wa Jumapili, ilhali Andalas, aliyepelekwa hifadhi ya Way Kambas, Sumatra, mwaka 2007, alikuwa tayari amepata ndama wa kwanza mwaka 2012.

Huko Way Kambas, Novemba 2023, Harapan naye akapata mtoto, dume aliyepewa jina la Indra. Mama yake ni Delilah, binti wa Andalas. Kwa hesabu ya ukoo, basi, baba yake Indra ni mdogo wake babu yake mzaa mama, na wahifadhi wanaotafuta majike wapya katika misitu ya Sumatra, ambako aina nzima haifiki wanyama 80, wanalijua hilo kuliko sisi.