Bi Asha Kajiibia: Kuchagua Ontolojia ya Usalama wa Mtandao

NEEMA: Karibuni tena. Leo tulipanga hatua tano za kuchagua ontolojia, yaani kamusi ya kimantiki inayoieleza kompyuta vitu na uhusiano wake, ila Juma kaingia studio na kesi.

JUMA: Ninayo. Wiki hii napima ontolojia moja ya kupakua bure, kwa data za majaribio za wizi wa laini. Mchezo mnaujua: namba ya Bi Asha inahamishiwa laini ya mtu mwingine, ujumbe wa nywila unaingia kwa mwizi, salio linakwisha. Nimeipakia kwenye Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, nikawasha HermiT, programu ya kufikiri kimantiki, ihitimishe.

NEEMA: Ikasema data zinagongana.

JUMA: Afadhali ingesema hivyo. Imesema Bi Asha na mwizi ni mtu mmoja.

NEEMA: (kicheko) Bi Asha kajiibia!

JUMA: Na kimantiki iko sahihi. Walioiunda wametangaza kuwa sifa ya "inamilikiwa na" ina mmiliki mmoja tu. OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, haichukulii kwamba majina mawili ni watu wawili, kwa hiyo ikikuta wamiliki wawili hailalamiki, inawaunganisha.

NEEMA: Mpaka uandike wazi kuwa ni watu tofauti. Hapo ndipo inapopiga kelele.

JUMA: Usipoandika, kila cha mwizi kinakuwa chake: simu, akaunti, hata ile pesa iliyotolewa kwa wakala wa Kariakoo.

NEEMA: Bi Asha huyo hatari! Lakini bwana, kazi ya kuhesabu iachie SHACL, lugha ya kukagua data. W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha 2017. Unaweka kikomo cha mmiliki mmoja. Wakitokea wawili unapata ripoti, hakuna anayeunganishwa na mtu.

JUMA: Sikubali. Itakataa data za kweli. Saa nne namba ilikuwa ya Bi Asha, saa nne na nusu ya mwizi. Wote wameishika. Kinachokosekana humo ni muda. STIX 2.1, muundo wa kubadilishana taarifa za vitisho vya mtandao, si ontolojia rasmi, lakini uhusiano wake una start_time na stop_time, yaani mwanzo na mwisho. UCO, ontolojia nyingine ya mtandao, nayo inayo.

NEEMA: UCO ipi?

JUMA: Usianze, Neema.

NEEMA: Ziko mbili! Moja ya 2016 ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County; nyingine iko chini ya Linux Foundation, inakwenda pamoja na CASE, ontolojia ya uchunguzi, kwenye ushahidi wa kidijitali. Mtu atapakua isiyo yenyewe.

JUMA: Ya Linux Foundation. Mimi ontolojia isiyo na muda naitupa siku ya kwanza.

NEEMA: Utupe klasi zote, yaani makundi yote, za programu hasidi kwa sababu ya uhusiano mmoja? Tengeneza faili lako, liagize ile ya asili, yaani liivute ndani yake, ongeza klasi ya Umiliki: namba, mtu, mwanzo, mwisho. Basi.

JUMA: Ukiiagiza umeiagiza na lile tangazo lake. Kwenye OWL huongezi mstari wa kufuta mstari.

NEEMA: Sifuti. Ile sifa siitumii tu. Sifa isiyo na data haimuunganishi mtu.

JUMA: Na benki mwenza ikikuletea data zilizoitumia?

NEEMA: Zinapita SHACL kwanza, kabla HermiT haijawashwa, kisha nazigeuza kuwa Umiliki.

JUMA: Kwa kila mwenza, kila toleo jipya? Hiyo kazi itakuwa ya nani?

NEEMA: Ya yule yule ambaye wewe ungempa ajenge upya kuanzia sifuri!

JUMA: Sijasema sifuri, nimesema UCO.

NEEMA: Ipi?

JUMA: Haya, naonyeshwa imebaki dakika moja. Hatua tano hazitoshi humu. Ya kwanza tu: kabla ya kupakua chochote, andika maswali yako na uyageuze kuwa hoja za SPARQL, lugha ya kuuliza data. Mfano, "saa nne na robo namba hii ilikuwa ya nani?" Ontolojia isipoweza kujibu…

NEEMA: Unaongeza klasi.

JUMA: Unaitupa.

NEEMA: Hatujakubaliana, jamani. Hatua nne zilizobaki, Jumanne.