Unawashwa usiku? Ngoja kwanza, usipake krimu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu huko nyumbani. Leo ni muwasho wa ngozi, maana naona wengi mnapaka kwanza halafu ndipo mnauliza ni nini.

Tahadhari moja kabla sijaenda mbali. Picha nyingi za mtandaoni ni za ngozi nyeupe, ndiyo maana mnaambiwa mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Panakuwa peusi zaidi, au pana rangi ya zambarau au kijivu. Pashike kwa mkono: pana joto? Pamevimba?

Kama muwasho unazidi usiku, una vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni au sehemu za siri, na kuna mwingine nyumbani anajikuna, fikiria upele, ule wa vidudu vinavyochimba ngozini. Kwa anayeupata mara ya kwanza, muwasho huja wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Hapo ndipo familia nyingi zinapokwama: anatibiwa mtoto mmoja, wengine wanamrudishia.

Kwa hiyo nyumba nzima inapaka siku moja. Krimu iliyoandikwa permethrin 5%, kuanzia shingoni hadi nyayo, kitovuni, chini ya kucha, kila mkunjo. Ikae saa 8 hadi 14, na ukinawa mikono paka tena. Rudia baada ya siku 7. Mtoto mchanga ana utaratibu wake, muulizeni daktari. Nguo na shuka za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto, au zifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata vidudu vikiwa vimekufa, basi msipake kila siku kwa hofu. Mtaichoma ngozi bure.

Choa, ugonjwa wa fangasi, ni kingine: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamepoa. Tafadhali, someni tyubu. Ikiandikwa betamethasone au clobetasol, yaani dawa za steroidi, ambazo haziui fangasi, muwasho utatulia huku fangasi wakisambaa, na duara likipotea hata daktari atapata shida kuitambua. Harara ya joto yenyewe huisha ukikaa penye hewa.

Sasa, wa kukimbizwa hospitali: midomo au ulimi umevimba, pumzi inakata, ngozi inatoka malengelenge na kuchubuka, mdomo na macho yana vidonda baada ya kuanza dawa mpya, homa yenye madoa yasiyofifia ukiyagandamiza kwa glasi. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila vipele apimwe ini, asisubiri kliniki ijayo.

Na mtoto aliyejikuna hadi vidonda vikatoa usaha, muangalieni asubuhi. Uso ukivimba au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, mpelekeni siku hiyo hiyo, bakteria wa vidonda vile huweza kuumiza figo.