Daktari mpya Uingereza: kazi yako ya kwanza ni kumbipu mkubwa

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Karibuni tena. Video ya leo ni ya mliomaliza udaktari nyumbani na jicho mmelitupa huku, na ya wazazi ambao mtoto kasomea huku na Agosti anaingia wodini. Nyumbani huyo tunamwita mtarajali. Huku mwaka wa kwanza anaitwa F1, wa pili F2, na miaka yote miwili ndiyo Foundation Programme, mpango ulioanza 2005. Kila miezi minne unahamishwa: leo upasuaji, kesho magonjwa ya ndani, keshokutwa watoto au magonjwa ya akili. Wote wanaanza siku moja, Jumatano ya kwanza ya Agosti, na kabla yake kuna siku zisizopungua nne za kumfuata anayeondoka, na unalipwa.

Siku hizo nne watu wanazipoteza kwa kufuata raundi. Raundi utaifuata mwaka mzima. Tumia siku hizo kujua kanula zinawekwa wapi, kompyuta ipi haigandi, maabara wanachukua sampuli vipi usiku, toroli ya dharura iko kona gani. Na hakikisha nywila zako zote zinafanya kazi kabla ya Jumatano. Daktari asiyeweza kufungua mfumo wa dawa saa tatu asubuhi ni mgeni tu aliyevaa kitambulisho.

Sasa kiini cha video. F1 ana usajili wa muda wa GMC, yaani baraza la madaktari la huku. Usajili kamili unakuja mwaka wa kwanza ukiisha salama. Maana yake kila unachofanya kuna mkubwa anayekibeba pamoja nawe: SHO (daktari aliyekwishapita F1), juu yake rejista (mzoefu anayesomea ubingwa), juu yake daktari bingwa. Lakini hawezi kubeba asichokijua. Na hapa ndipo watoto wetu wanakwama, tuseme ukweli. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akipumzika hasumbuliwi, na mdogo anajaribu mwenyewe kwanza. Wodini adabu hiyo inaua. Rejista wa zamu ya usiku mara nyingi hajalala nyumbani kwake, yuko ndani ya jengo, na analipwa ili umsumbue.

Mnajua kubipu? Ile ya kukosa vocha. Hospitali nyingi za huku bado zinaishi kwayo. Kuna kidude kinaitwa bipu: unapiga namba ya mfumo, unaweka namba ya bipu yake, unaweka namba ya simu ya meza uliyosimama, unakata, na yeye anakupigia. Kosa la kila mwaka: F1 anabipu halafu anaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Rejista anapiga, simu inalia peke yake, anaendelea na yake. Ukibipu, kaa hapo dakika tano. Huwezi kukaa? Mwombe nesi aipokee na umwambie uko kitanda namba ngapi.

Na ukipigiwa, usianze na hadithi. Huku wanatumia mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia, tathmini yako, na unachotaka. Sikilizeni mfano. NEWS humo ni alama za hatari, nitazieleza; sepsisi ni mwili kuzidiwa na maambukizi; kalcha ni damu ya kutafuta vijidudu, na lakteti ni kipimo cha damu. "Naitwa fulani, F1 wa upasuaji, niko wodi ya 7. Nina mgonjwa ambaye NEWS yake imepanda kutoka 2 hadi 11. Ana miaka 72, leo ni siku ya tano baada ya kukatwa utumbo. Anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni 93 bila msaada, presha 88 kwa 50, mapigo 124, joto 38.6, akili timamu. Nadhani ana sepsisi, pengine utumbo umeachia kwenye mshono. Nimemwekea oksijeni, nimechukua kalcha na lakteti, mililita 500 za dripu zinaingia haraka, antibayotiki inaandaliwa. Naomba uje umwone sasa." Hiyo ni chini ya dakika moja. Sentensi ya mwisho ndiyo watu wanaimeza kwa heshima. Usiseme "nilitaka tu kukujulisha". Ukisema hivyo atajua, na hatakuja.

NEWS2 niliyoitaja ni alama za hatari: pumzi, oksijeni, kama yuko kwenye oksijeni ya ziada, namba ya juu ya presha, mapigo, fahamu, joto. Jumla ya 5 au 6 inataka daktari aje haraka. 7 kwenda juu ni dharura, na huyo mkubwa aambiwe papo hapo. Kitu kimoja pekee kikipata 3 nacho kinataka kuangaliwa, na kuchanganyikiwa kupya kunapewa 3 chenyewe. Kwa hiyo bibi aliyekuwa anakusalimia jana, leo hajui yuko wapi, usiandike "uzee". Moyo ukisimama, namba ni 2222 karibu kila hospitali. Taja aina ya dharura, mtu mzima au mtoto, na wodi.

Na manesi. Nesi Mwingereza akikwambia mgonjwa "looks poorly", usilichukulie kama neno la mafua. Wanapunguza makali kwa maneno. Nesi wa miaka 20 kazini akisema "sipendi anavyoonekana", inuka, hata kama namba zote ni nzuri.

Haya, mchana. Asubuhi kuna raundi na wewe ndiye unaandika. Kabla timu haijaondoka kitandani, msomee bingwa mpango ulivyoandika. Sekunde kumi hizo zinakuokoa na kumtafuta saa nane mchana ukiuliza alisema CT ya kifua au ya tumbo. Kila unachoandika kiwe na tarehe, saa, jina, cheo na namba yako ya GMC. Halafu orodha ya kazi: karatasi ya A4, kila kazi na kisanduku chake. Kisanduku kitupu, haijaanza. Nusu umekipaka, umeagiza ila jibu halijarudi. Umekipaka chote, jibu umeliona. Kile cha nusu ndicho chenye hatari, kwa sababu moyoni unahesabu umemaliza.

Mpangilio wa kazi: mgonjwa aliyezidiwa kwanza, hilo halina mjadala. Pili, vipimo vya picha na maombi kwa idara nyingine, kwa sababu nafasi za siku zinajaa asubuhi. Tatu, dawa za kuondoka nazo kwa wanaoruhusiwa, kabla ya saa sita mchana, la sivyo famasia inazitoa jioni na kitanda kinakaa bure wakati kule dharura watu wako kwenye korido. Damu za kawaida na barua zinafuata.

Kuhusu damu naomba nikae kidogo, maana ndiyo inayokurudisha kwa mgonjwa mara mbili. Chupa zina mpangilio: za kalcha kwanza, halafu ya bluu, ya njano, ya zambarau, ya waridi, ya kijivu mwisho. Siyo urembo. Ya zambarau ina dawa ya kuzuia kuganda yenye potasiamu, inaitwa EDTA. Ukiona ya njano haikujaa ukamimina humo kutoka ya zambarau, maabara watakupigia: potasiamu imepaa, kalsiamu imeshuka, na mgonjwa wako anakula uji bila wasiwasi. Ya bluu lazima ijae hadi mstari, maana kipimo chake kimepangwa damu sehemu 9 kwa dawa sehemu 1. Ikipungua wanaitupa. Usivute damu kwenye mkono unaopitisha dripu, utapima dripu. Na ukivuta kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe zinapasuka na potasiamu inapanda ya uongo. Ila usiikimbilie sababu hiyo. Potasiamu ya 6.5, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza na mbipu mkubwa, ndipo urudie damu.

Chupa ya waridi ni ya kundi la damu. Lebo inaandikwa kwa mkono, kitandani, ukisoma bangili ya mgonjwa. Usibandike stika iliyochapishwa wala usiandike ukiwa kwenye meza ya manesi. Kama maabara hawana rekodi yake ya zamani, wanataka sampuli mbili zilizochukuliwa nyakati mbili tofauti. Ukichukua mbili kwa sindano moja na kuandika saa tofauti, umeharibu kinga yenyewe: kama ulikosea mgonjwa, umekosea mara mbili.

Dawa sasa. Insulini: andika neno "units" kamili. Ukiandika 10U, ile U inasomeka sifuri, na mtu anapewa 100. Penisilini: mgonjwa kasema ana mzio, wewe unaandika Tazocin au Augmentin kwa kuwa jina halifanani. Zote mbili zina penisilini ndani. Parasitamoli: gramu 1 mara nne kwa siku ni ya mtu mwenye uzito wa kutosha. Bibi wa kilo 40 anapunguziwa, na kama tayari yuko kwenye co-codamol, humo parasitamoli imo. Methotrexate ya baridi yabisi ni mara moja kwa wiki. Ukiiona imeandikwa kila siku, simamisha na mpigie mfamasia. Mfamasia wa wodi mfanye rafiki kabla hujamhitaji.

Dripu nayo inadharauliwa. Mtu mzima asiyekula anahitaji maji mililita 25 hadi 30 kwa kilo kwa siku, sodiamu na potasiamu kama milimoli 1 kwa kilo kila moja, na glukosi gramu 50 hadi 100. Mwenye kilo 70 basi ni kama lita 2 na sodiamu 70. Lita moja ya saline 0.9%, dripu ya chumvi, peke yake ina sodiamu 154. F1 wa zamu ya usiku anaombwa "mwendelezee tu dripu", anaandika lita nyingine, na mwingine lita nyingine, siku tatu baadaye miguu imevimba na mapafu yanalia. Mzee, mwenye moyo au figo mbovu, shuka hadi 20 au 25 kwa kilo. Potasiamu wodi ya kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa. Na kabla ya kuandika chochote, nenda ukamwone. Kama anakunywa chai, dripu ya nini?

Saa za kazi haraka haraka, kwa England. Wastani wa saa 48 kwa wiki, zamu isizidi saa 13, usiku usizidi nne mfululizo, na baada yake saa 46 za kupumzika. Ukizidishiwa, kuna ripoti unayojaza kwenye mfumo, na kila hospitali ina ofisa wa kuzisimamia. Wetu wengi hawajazi, wanaona aibu. Jaza. Makaratasi nayo: kwenye jalada lako la mtandaoni kuna stadi 13 za kuthibitisha, saa 60 za mafunzo kwa mwaka, na maoni ya wafanyakazi wenzako wasiopungua 10, bingwa na manesi wakiwemo. Hukumu ya kama mwaka umepita ni Juni. Mabingwa wanajibu barua pepe polepole, kwa hiyo tuma maombi Novemba, usingoje Mei. Na ukikosa kazi zaidi ya siku 20 nje ya likizo yako, mwaka wako unaangaliwa upya.

Wazazi, pesa. Mshahara wa msingi wa F1 England kwa 2025/26 ni kama pauni 38,800 kwa mwaka, kabla ya kodi, na nyongeza za usiku na wikendi zinakuja juu. Ukitoa kodi, pensheni na pango, hiyo siyo pesa ya kumjengea mtu nyumba. Mwezi wa kwanza anaweza kukatwa kodi kubwa mpaka namba yake ya kodi irekebishwe, kwa hiyo orodha ya ada za shule za binamu isubiri angalau Oktoba. Ni afadhali kuliko Kenya 2024, ambako madaktari waligoma karibu miezi miwili, moja ya sababu ikiwa serikali kutaka kuwalipa watarajali shilingi 70,000 badala ya 206,400 za mkataba wa 2017.

Namalizia na mliosoma Muhimbili, Bugando, Makerere, Nairobi. Kamilisheni utarajali wa miezi 12 nyumbani kwanza. Ukiwa nao, na PLAB zote mbili, yaani mitihani ya GMC kwa madaktari waliosomea nje, ile ya pili inafanyikia Manchester, GMC inakupa usajili kamili, na F1 unairuka. Watu wanashangilia hapo. Mimi naona ndipo penye shimo. Kwa usajili kamili utaajiriwa kama SHO, nje ya programu ya mafunzo mara nyingi, na usiku wa kwanza F1 wa miaka 23 anakubipu wewe umsaidie, wakati wewe bado hujui rangi za chupa. Kwenye programu ya mafunzo msimamizi anapangwa kwa lazima. Nje yake lazima umdai.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, waandikie barua pepe yenye maswali matatu. Nitapata wiki mbili za kumfuata mwenzangu bila kuwekwa kwenye ratiba? Msimamizi wangu ni nani na tunakutana lini mara ya kwanza? Saa nane usiku nikikwama, nambipu nani? Wakijibu la tatu kwa "kutakuwa na mtu", waandikie tena, uombe cheo na namba.