Kura Ilipopitia Mlango wa Kanisa

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie "utawala wa wachungaji" wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika. Jina hilo nalipinga tangu mwanzo, kwani linatuficha jambo lenyewe.

Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka kulitakasa kanisa la Uingereza, waliohama huko na kiongozi wao John Winthrop mwaka 1630 wakajenga Boston, hawakumpa mchungaji uhakimu wala ugavana. Ndoa ilifungwa na hakimu. Mahakama za kanisa, ambazo kwao ziliwaandama, hawakuzianzisha. Hata sheria zao za mwaka 1641 zilisema mtu akitengwa na kanisa, hapotezi kwa hilo cheo chake serikalini.

Basi dini ilishika wapi? Ilishika kwenye kura. Mwaka 1631 baraza lao liliamua kwamba mpiga kura sharti awe mshirika wa kanisa, na muda si mrefu ubatizo peke yake haukutosha. Ulisimama mbele ya waumini ukatoa ushuhuda: siku uliyojiona mwenye dhambi, hofu uliyolala nayo, namna neema ilivyokufikia. Majirani wanakusikiliza, wanakuhoji, kisha wanaamua kama umeokoka kweli. Ukikataliwa, kodi unalipa, ibadani unakwenda kwa lazima, ila gavana utachaguliwa na wenzako. Wanawake walikubaliwa kuwa washirika, lakini kura hawakupewa kabisa.

Roger Williams, mchungaji wa Salem, mji wa koloni hilo, aliliona tatizo mapema. Alisema hakimu aadhibu wizi na uuaji. Ibada na Sabato ni kati ya mtu na Mungu wake. Akaongeza kwamba mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji wa Amerika. Walimhukumu kufukuzwa mwaka 1635. Januari iliyofuata, waliposhika njia ya kumpandisha meli ya kumrudisha Uingereza, alitoroka kwenye theluji. Wenyeji wakamhifadhi, na machifu wa kabila la Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, wakampa mahali pa kuanzisha mji wa Providence. Huko mpiga kura hakuulizwa dini.

Lakini kesi ninayoirudia mara kwa mara ni ya Anne Hutchinson, Novemba 1637. Mama huyu, mkunga, alikusanya watu nyumbani kwake kuyajadili mahubiri, na alidaiwa kusema kuwa wachungaji karibu wote wanahubiri wokovu kwa matendo badala ya neema. Alisimama mahakamani, na inasemekana alikuwa mjamzito. Winthrop alikuwa gavana, akaongoza kesi, na maswali ya kumshtaki akayauliza yeye mwenyewe. Anne alimjibu Maandiko kwa Maandiko. Alipohukumiwa, akauliza anafukuzwa kwa kosa gani. Winthrop akamwambia anyamaze: mahakama inajua sababu, nayo imeridhika.

Nawaomba mlisikie vizuri jibu hilo. Mtu anapoteza nyumba na mji wake, na sababu haambiwi.

Machi 1638 kanisa nalo likamtenga. Alipotoka, Mary Dyer aliinuka akatoka naye. Miaka baadaye Mary alirudi Boston akiwa Mkwekeri, mfuasi wa kundi la Kikristo lililopigwa marufuku huko. Mwaka 1659 alivishwa kitanzi, akashuhudia wenzake wawili wakinyongwa, kisha akaachiwa na kufukuzwa. Akarudi tena. Tarehe 1 Juni 1660 walimnyonga, kwa sheria ya kumuua Mkwekeri aliyefukuzwa akarudi, iliyopitishwa na baraza lililochaguliwa kwa kura za washirika wa kanisa.