Kanda ya Kirumba na mstari mmoja uliosahaulika

KABULA: Mwangaluka wote mnaotusikiliza. Tuko Igogo, dirisha liko wazi, mkisikia bodaboda inapandisha mlima ndiyo Mwanza yetu hiyo. Mimi ni Kabula.

MADUHU: Na mimi Maduhu. Leo sina salamu ndefu, dada. Filamu hii nimeisubiri tangu tuanze kipindi.

KABULA: Itaje basi, kaka.

MADUHU: Night of the Living Dead, ya George Romero, mwaka 1968. Imepigwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, nyeusi na nyeupe, dakika 96. Watu saba wamejifungia kwenye nyumba ya shambani, na huko nje wafu wamefufuka wanakula watu. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo tu.

KABULA: Mimi nimeiangalia wiki iliyopita, nakala iliyosafishwa. Wewe uliiona wapi mara ya kwanza?

MADUHU: Kirumba, 1993. Televisheni za hapa Bara zilikuwa bado hazijaanza, ilikuwa enzi ya deki na kanda. Kulikuwa na banda la mabati njia ya kuelekea soko la samaki la Mwaloni, mabenchi ya mbao, TV moja juu ya kreti za soda. Na lilijaa hasa siku za mbalamwezi.

KABULA: Kwa sababu ya dagaa.

MADUHU: Eeh. Mwezi ukiwa mpevu taa za karabai hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi hawaingii ziwani. Wanashinda nchi kavu na usiku wanakuja bandani. Mimi nilikuwa mtoto, napenya katikati ya miguu yao. Mwenye banda alikuwa na kitambaa na chupa ya spiriti. Picha ikianza kuchirizika anafungua deki, anafuta hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, taratibu kama anasafisha kidonda, anarudishia. Pembeni ya TV anasimama mkalimani, anatusimulia kwa Kiswahili kila kinachosemwa.

KABULA: Na hao wafu aliwaita nani?

MADUHU: Misukule! Angewaitaje?

KABULA: Hapo nina neno. Msukule tunaoujua sisi hauli mtu. Ni mtu anayedaiwa kufa, kumbe amechukuliwa, anafanyishwa kazi usiku kwenye shamba la mwingine, hana sauti, hana hiari. Na ukienda Haiti, ambako hadithi za zombi zilitokea, maana yao ni hiyohiyo: mtumwa ambaye hata kifo hakijamwachia. Romero ndiye aliyewafanya waanze kula nyama za watu. Na kwenye filamu hii neno zombi halitamkwi hata mara moja.

MADUHU: Halitamkwi kweli. Kwa hiyo mkalimani wetu alikuwa karibu na Haiti kuliko filamu yenyewe.

KABULA: Sasa tuzungumze pesa, maana wapo vijana wa Nyegezi na Buhongwa wanaotaka kupiga filamu za kutisha na wanasubiri mfadhili.

MADUHU: Dola kama 114,000 zote kwa ujumla, na kwa sinema ya Marekani hizo ni ndogo sana. Walianza watu kumi, kila mmoja akachanga dola 600. Ni kama mchango wa harusi. Walikuwa wanapiga matangazo ya biashara ya televisheni mjini Pittsburgh, kwa hiyo kamera waliijua. Damu unayoiona ni sirapu ya chokoleti, kwa sababu kwenye picha nyeusi na nyeupe chokoleti inakaa kama damu kabisa. Matumbo wanayokula ni ya kweli, yametoka bucha. Mmoja wa waliowekeza alikuwa muuza nyama. Nyumba ilikuwa inasubiri kubomolewa, ndiyo maana wanapigilia mbao madirishani bila kuhurumia ukuta.

KABULA: Pale kwenye misumari ndipo nilipokamatwa. Ben anavunja meza, anatafuta mbao, anapima, anagongomea. Kamera haimkimbizi. Unakaa naye dakika nyingi, unaona mikono inavyofanya kazi, na wewe mwenyewe unaanza kuhesabu madirisha yaliyobaki.

MADUHU: Na Ben ni Duane Jones. Mtu mweusi, mhusika mkuu, Marekani ya 1968, anawaamuru wazungu ndani ya nyumba, na hakuna hata mmoja anayeitaja rangi yake. Romero alieleza kwamba walimchukua kwa sababu ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye majaribio. Lakini Kabula, mimi hilo sikuliona. Nilikaa miaka na miaka silijui.

KABULA: Kivipi?

MADUHU: Kanda. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Watu wote kwenye ile TV walikuwa vivuli. Ben kivuli, Barbra kivuli, misukule vivuli. Nilidhani filamu nzima ni usiku mtupu, kumbe inaanza mchana, gari linapanda barabara ya kwenda makaburini na jua lipo!

KABULA: Waeleze wasikilizaji kwa nini nakala zilikuwa mbovu hivyo dunia nzima. Maana Mwanza haikuwa peke yake.

MADUHU: Hapo ndipo penye uchungu. Filamu iliitwa kwanza Night of the Flesh Eaters. Kampuni ya usambazaji ikabadilisha jina. Walipoondoa bango la jina la zamani mwanzoni mwa filamu, mstari wa hakimiliki nao ulikuwa juu ya bango hilohilo. Bango jipya likawekwa bila ule mstari. Sheria ya Marekani wakati huo ilitaka tangazo la hakimiliki lionekane kwenye kazi. Halipo, basi kazi ni mali ya umma. Mstari mmoja tu, dada.

KABULA: Kwa hiyo kanda za video zilipokuja...

MADUHU: Kila mwenye mashine akaitoa. Bila ruhusa na bila kulipa senti, kihalali kabisa. Anatafuta nakala yoyote aliyoipata, hata iliyochakaa, anapachika jalada, anauza. Mwaka 1986 ikatoka iliyotiwa rangi, wafu wakapakwa kijani. Mwaka 1999 ikatoka nyingine iliyochomekwa vipande vipya vilivyopigwa miaka thelathini baadaye. Wengi wa waliokesha kwenye ile nyumba wanaangalia tu.

KABULA: Mimi naona pande mbili na zote zinaniuma. Wale wachangaji kumi walidhulumiwa jasho lao, hilo silipambi. Lakini je, bila ule mstari kupotea, ingefika Kirumba?

MADUHU: Nadhani isingefika. Au ingefika kwa wizi kama nyingine. Iliweza kusambaa kwa sababu haikuwa na mwenyewe.

KABULA: Vijana wetu wasikie hapa vizuri. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa kule kuundwa kwake tu. Huhitaji mstari ndipo iwe yako. Lakini andika jina lako na mwaka, tena kaisajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ili siku mtu akiichoma kwenye flashi na kuiuza Makoroboi uwe na karatasi mkononi.

MADUHU: Na tunza faili zako za kwanza. Hilo nalisisitiza kwa moyo wote. Night of the Living Dead iliokolewa kwa sababu negativu, ile filamu yenyewe iliyopita ndani ya kamera, ilikuwa bado ipo. Makumbusho ya MoMA ya New York na taasisi ya Film Foundation waliifanyia ukarabati, wakaionyesha 2016, Romero akiwa bado hai. Kampuni ya Criterion ikaitoa kwenye diski za Blu-ray mwezi Februari 2018. Romero alishafariki Julai 2017.

KABULA: Hiyo ndiyo niliyoiona. Kuna wakati uso wa Duane Jones unajaa skrini, jasho linang'aa kwenye paji, unaona mtu aliyechoka ambaye hana ruhusa ya kukaa chini.

MADUHU: Nilipoufikia uso huo nilisimamisha. Nikakaa. Miaka zaidi ya ishirini na tano nilikuwa namfahamu kivuli chake.

KABULA: Ulisema kuna jambo jingine kuhusu kanda ile.

MADUHU: Lipo. Kanda ilikuwa imekatika mwishoni. Asubuhi inaingia, Ben yuko chini ya nyumba, anasikia bunduki za waokoaji, anapanda ngazi... chenga. Wavuvi wakapiga kelele. Mkalimani akanyamaza kidogo, halafu akaimalizia mwenyewe. Alisema, "Kaka amepona. Amefungua mlango, amewashukuru, anarudi kwao." Watu wakapiga makofi.

KABULA: Lo.

MADUHU: Basi mimi nimekua nikijua Ben alifika kwao. Hadi nilipoona nakala safi. Anasogea dirishani, mmoja wa waokoaji anamchukulia ni mfu, anampiga risasi ya kichwa. Kisha picha za mnato, wanamvuta kwa kulabu kama samaki, wanamchoma pamoja na wale wengine. Romero alisimulia kwamba walikuwa garini wanapeleka nakala ya kwanza New York waliposikia kwenye redio kuwa Martin Luther King ameuawa. Aprili 1968. Sikulala vizuri siku ile.

KABULA: Wale wavuvi wanajua?

MADUHU: Mmoja ninaonana naye Mwaloni hadi leo, sasa anauza dagaa wa kuanika, ni mzee. Mwezi uliopita nilimwamkia, nikamuuliza, mzee wangu, unaikumbuka ile sinema ya misukule kwenye nyumba ya mbao? Akaniambia, "Ile ambayo kijana alirudi kwao."

KABULA: Ukamwambia?

MADUHU: Sikumwambia. Nimemwomba aje nyumbani Jumamosi tuiangalie pamoja, amesema atakuja na mjukuu wake. Tangu hapo nawaza, asubuhi ile ikiingia, Ben akianza kupanda ngazi, niiache iendelee au nimwambie kwanza.