Paa la Kanisa la Haddington

Mabibi na mabwana, hamjambo. Leo tuko Haddington, mji wa soko mashariki ya Edinburgh. Mgeni akifika kanisa la Mtakatifu Maria huambiwa kwanza urefu wake: futi 206, hakuna kanisa la parokia Uskoti linaloupita. Mimi nawaomba mtazame juu, darini.

Mwaka 1548 Waingereza waliushika mji huu, wakishinikiza Malkia Mary wa Uskoti, mtoto wa miaka mitano, aolewe na mfalme wao mdogo, Edward. Waskoti na Wafaransa wakawazingira. Julai, vita vikiendelea, bunge likakutana kwenye nyumba ya watawa jirani na mji, likaamua mtoto aposwe na mrithi wa Ufaransa. Waingereza waliondoka 1549. Kanisa likabaki gofu.

Kisha yakaja Matengenezo ya dini, yaliyoleta Uprotestanti, na kiongozi wake Uskoti, John Knox, mzaliwa wa Haddington hiihii. Ninyi wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mnamjua. Ibada ya Waprotestanti ilitaka mahali pa kusikilizia neno, basi. Wakaezeka upande wa magharibi, wakajenga ukuta kuufunga, wa mashariki wakauacha. Mvua ikanyesha humo zaidi ya miaka 400. Jane Welsh Carlyle, mke wa mwandishi Thomas Carlyle, alipozikwa humo 1866, juu ya kaburi lake palikuwa na mawingu tu.

Paa lilirudi kwenye ukarabati wa miaka ya 1970. Na hapa ndipo penye utamu: yale matao ya darini, mbavu zake na yote, si mawe. Ni faiba, jamii ya ile ya maboti, imefinyangwa kufuata umbo la zamani. Ukisimama chini hushtuki. Wapo wanaoona ni ghushi. Mimi sioni kosa. Kuta zilizopigwa mizinga na kulowa karne nne sizitwishi mawe tena.

Vijijini nitapita haraka. Gifford wana kanisa la Yester, la 1710. Mchungaji wa hapo ndiye baba wa John Witherspoon, aliyetia saini Azimio la Uhuru wa Marekani 1776. Whitekirk, Mwitalia Enea Piccolomini alikwenda kuhiji pekupeku kwenye barafu mwaka 1435. Akawa Papa Pio wa Pili, lakini miguu ilimsumbua maisha yake yote. Kanisa hilo liliteketea Februari 1914, lawama zikawaangukia wanawake waliodai kura. Msanifu majengo Robert Lorimer akalikarabati.

Kijiji cha Athelstaneford na hadithi yao ya bendera ya Uskoti, mkiniuliza nitawasimulia. Karibuni kwa maswali.